Kabureta ya Mwalimu Gelasius

Shemeji yangu Sostenes Maganga alikuwa mwashi kwa miaka ishirini na sita kabla hajawa fundi wa baiskeli za injini, na ukitaka kuelewa yaliyotupata hapa Ushirombo, anzia hapo. Mgongo ulipokataa kubeba tofali aliacha mwiko, akaacha karai, akaacha hadi ile kofia yake ya karatasi za mifuko ya saruji. Pima maji hakuiacha. Ile fimbo yenye kichupa cha maji katikati na kipovu kinachotembea ndani yake ameining'iniza ukutani kibandani mwake, mahali ambapo mtu mwingine angeweka picha ya harusi. Picha ya harusi iko chini ya kitanda. Najua, kwa sababu mkewe ni dada yangu Anisia.

Mimi ni Vaileth, Mama Eliya, nashona nguo kwenye kibaraza cha mkabala. Kati yetu kuna barabara ya hatua kumi na mbili, kwa hiyo hakuna anachosema Sostenes nisikisikie, na hakuna ninachofikiri mimi asikiambiwe. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, na mimi mdomo sikupewa kwa ajili ya kulia ugali tu.

Baiskeli za injini ninyi mnazijua. Injini ndogo inafungwa katikati ya fremu, tangi dogo linakaa juu, mnyororo wa pili upande wa kushoto. Wachimbaji wanaokwenda maduarani kutafuta dhahabu wanazipenda kwa sababu zinapita kwenye vichochoro ambavyo pikipiki inaogopa. Ila zina kabureta, na kabureta ina madeko yake. Ndiyo inayochanganya petroli na hewa. Chini ina kikombe, na ndani ya kikombe mna boya, sawa na lile la kwenye tangi la choo: petroli ikijaa linafunga, ikipungua linafungua. Kabureta ikifungwa imeinama, boya linadanganyika. Petroli inazidi, injini inakohoa mara tatu, inanyamaza, na mwenye baiskeli anaanza kusukuma huku akitaja majina ya watakatifu, au majina mengine.

Mafundi wengine husawazisha kabureta kwa jicho. Sostenes aliwacheka. Yeye aliilaza pima maji juu ya kabureta, akafumba jicho moja, akachomeka vipande vya bati kimoja kimoja chini ya kile kibomba kinachoishikilia, mpaka kipovu kikatulia katikati.

"Usawa ni usawa," alikuwa akiwaambia wateja. "Hauna dini wala kabila."

Kisha alipanda baiskeli, akachochea, akapandisha nayo barabara ya kanisani hadi juu, akaizima, akateremka nayo bila injini kuokoa petroli. Injini ililia vizuri kilima kizima. Mteja alifurahi, akaondoka. Kesho yake mteja alirudi akisukuma.

Hapo ndipo ungesikia sayansi. Mchimbaji mmoja aliambiwa tatizo ni petroli ya chupa. Mwingine aliambiwa ana bega moja zito kuliko lenzake. Nuruddin, anayeuza vitenge kwenye minada, aliambiwa anasalimiana mno na watu njiani, injini inapoteza hamu. Nuruddin ni mtu mpole. Alikwenda siku nzima bila kusalimia mtu, baiskeli ikazimika vilevile, na juu ya hayo mama mkwe wake akanuna.

Sisi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nakiri. Halafu ikaja zamu ya Mwalimu Gelasius, na kicheko kikaanza kunikwama.

Mwalimu Gelasius ni katekista. Amewafundisha katekisimu watu wote wa rika langu, na Sostenes mwenyewe, kwa maswali na majibu na fimbo ya mpera. Sasa ana miaka sabini na mmoja, mke alishatangulia, na kazi aliyobaki nayo ni kigango kimoja, Nyalwanga, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Kule alikuwa na watoto ishirini na wanne anaowaandaa kwa komunyo ya kwanza. Alikuwa akiwaendea kwa baiskeli ya kawaida mpaka magoti yakamshinda. Mwanawe aliye Chato akamtumia injini. Mzee akamletea Sostenes aifunge, kwa sababu nani mwingine angemletea?

Jumapili ya kwanza hakufika Nyalwanga. Alikutwa majarubani amekaa juu ya tuta, baiskeli imelala, anawafundisha ndege. Jumapili ya pili hakufika tena. Watoto walingoja hadi saa saba, wakatawanyika.

Jumatano Halmashauri ya Walei ikakaa. Mwenyekiti, Mzee Mabula, ni mtu wa haki lakini ana haraka. Alimwita Sostenes aje aseme kama ile baiskeli ni nzima. Na shemeji yangu, akiwa amevaa shati lake la kola, akasimama akasema maneno ambayo dada yangu alinisimulia huku ameshika kichwa.

"Baiskeli ni nzima. Nimeipima kwa pima maji. Tatizo ni mzee, hana nguvu tena ya chombo cha moto."

Mzee Mabula akaandika. Ikaamuliwa Mwalimu Gelasius ajaribu Jumapili moja ya mwisho, na uamuzi utatangazwa siku hiyohiyo baada ya misa. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye pikipiki aliyekuwa tayari kuchukua Nyalwanga. Mzee angepumzishwa kwa heshima. Maneno hayo "kwa heshima" nayajua; ukiyasikia, ujue umeshaondolewa.

Alhamisi Mwalimu aliirudisha baiskeli kwa Sostenes, kisha akaja kwangu, suruali imechanwa na mnyororo, nimshonee.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mayu." Anatuita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, wote tuliokuwa wanafunzi wake wa kike, hata tuliomsumbua. Akakaa kwenye benchi amejifunga kanga yangu kiunoni, akiitazama suruali yake kwenye cherehani kwa huzuni ambayo suruali haikustahili.

"Wakininyang'anya Nyalwanga," akasema, "nitakaa nyumbani nihesabu kuku. Na kuku wenyewe wapo watatu."

Nikasimamisha cherehani. Nilitaka kumfariji, lakini mimi nikitaka kufariji huwa nauliza maswali.

"Mwalimu, hiyo baiskeli huwa inazimika wapi hasa?"

"Majarubani. Kwenye tambarare."

"Na kwenye kile kilima cha baada ya daraja?"

"Aa, kilimani inapanda vizuri sana. Nasukuma tambarare hadi mguu wa kilima, naiwasha, napanda nimekaa wima kama askofu. Nikifika juu, tambarare tena, inazima."

Nilimtazama. Binadamu wote ninaowajua hupanda baiskeli kwenye tambarare na kuisukuma kilimani. Huyu mzee alikuwa anafanya kinyume, na hakuna aliyejiuliza kwa nini, hata mimi niliyekaa miaka mitano mkabala na jibu. Nikatazama ng'ambo. Kibanda cha Sostenes kiko kwenye mteremko. Baiskeli zote anazozitengeneza husimama zimeelekea juu, kanisani. Huko juu ndiko anakozijaribia.

Nikavuka barabara na sindano ikiwa bado mdomoni. Nikaitoa.

"Shemeji, igeuze hiyo baiskeli ya Mwalimu iangalie chini."

"Kwa nini?"

"Igeuze tu."

"Leo mshona nguo anataka kunifundisha usawa?"

"Anataka. Geuza."

Akaigeuza kwa madaha yote, ili nione aibu vizuri. Akalaza pima maji juu ya kabureta. Kipovu kikakimbia hadi mwisho wa kichupa, kikabaki hukohuko. Akaigonga kwa kucha. Akaipuliza vumbi. Akaigonga tena.

"Baiskeli imepinda," akasema.

"Sostenes."

"Imepinda tangu dukani."

"Sostenes, kilichoinama ni ardhi uliyosimama. Unaipima kabureta ikiwa baiskeli inaangalia juu. Ikifika kwenye tambarare, kabureta inainamisha pua. Ndiyo maana baiskeli zako zote ni hodari wa vilima."

Akaweka pima maji chini kwenye udongo. Akaiangalia muda mrefu. Nilisubiri aseme nimesema kweli, nikawa tayari nimeshachagua jibu la kumuudhi. Badala yake alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi anaburuta nusu mfuko wa saruji.

Ndiyo. Mtu mwingine angetoa vile vipande vya bati, kazi ya robo saa. Lakini mwashi ni mwashi. Sostenes alikuwa amegundua kwamba ardhi ina makosa, kwa hiyo aliamua kuirekebisha ardhi. Ijumaa nzima alichimba upande wa juu, akajaza upande wa chini, akashindilia, akachanganya zege, akamwaga jamvi la sakafu mbele ya kibanda. Mgongo ule uliokataa tofali siku hiyo ulikubali kila kitu. Jioni jamvi lilikuwa limelala sawasawa kabisa, kipovu katikati popote unapoweka. Watu walipita wakalisifu. Kabureta ya Mwalimu ilikuwa bado imeinama.

Jumamosi saa sita mchana Mwalimu Gelasius akafika na mkoba wake wa vitabu. Alitakiwa aondoke saa tisa, alale Nyalwanga kwa familia moja, asubuhi awafundishe watoto na kuongoza ibada.

"Mwalimu, jamvi ni bichi," Sostenes akamwambia. "Lisikanyagwe siku saba."

"Siku saba?" Mzee akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, pengine akitumaini ataliona jamvi likiwa limekauka.

"Yaya!" Hapo nilipiga kelele ya hapana kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimeisha. "Kwa hiyo umejenga uwanja wa kutengenezea baiskeli ambao baiskeli haiwezi kuingia?"

Sostenes alikuwa akitazama juu, kanisani, na nilijua kabla hajasema.

"Ipo sehemu moja iliyo sawa katika mji huu," akasema. "Niliiweka mwenyewe, mwaka wa Jubilei. Twende kanisani."

Tukaimwaga petroli kwenye kidumu, tukakiacha nje kwangu, tukaisukuma baiskeli hadi juu. Sostenes alitangulia na pima maji kifuani. Ndani ya kanisa akina mama walikuwa wanadeki kwa ajili ya Jumapili, na kiongozi wao ni Anisia.

"Baba Deogratias!" Dada yangu akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, akasimama na dekio. "Hiyo ni baiskeli?"

"Ni ya Mwalimu."

"Sikuuliza ni ya nani."

"Ni kwa ajili ya Nyalwanga, Mama Deo," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. Anisia akamtazama yule mzee, mkoba begani, suruali yenye kiraka changu. Akasogeza ndoo, akatupisha.

Tukaisimamisha katikati ya kanisa, kati ya mabenchi. Sostenes akapiga magoti na kuweka pima maji chini, kwanza kwenye sakafu, kutimiza utaratibu tu. Nilikuwa nyuma yake, nikaona bega lake linasimama. Akainyanyua, akaiweka hatua mbili mbele. Akaisogeza karibu na altare. Akairudisha hadi kwenye benchi la nyuma. Kila mahali kipovu kilifanya kitu kilekile: kilijivuta polepole kuelekea altareni, maana yake sakafu inashuka kuelekea mlangoni.

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nilikuwa nao mzuri. Sikuutoa. Alikuwa amepiga magoti peke yake katikati ya ile kazi aliyojivunia miaka yote, nywele zimejaa vumbi la saruji ya jana, na nilimwonea huruma kweli.

"Unatafuta nini?" Anisia akauliza.

"Sakafu imelalia upande."

"Imelalia mlangoni. Tunajua."

"Mnajua?"

"Tangu mwaka wa Jubilei. Ukimwaga maji mbele yanatoka yenyewe nje, wala hatuchoki kusukuma. Parokia nyingine akina mama wanavunjika viuno. Sisi tunakuombea." Wenzake wakaitikia. "Tulijua ulifanya makusudi."

Sostenes akafungua mdomo. Namjua, siku nyingine yoyote angesema ndiyo, makusudi, na angeeleza hesabu alizopiga. Neno lilimfika kwenye meno. Akalimeza.

Mwalimu Gelasius akaweka mkoba chini. Akaunganisha mikono nyuma, akasimama jinsi alivyokuwa akisimama mbele yetu zamani.

"Sostenes. Baiskeli inatembea juu ya nini?"

Sostenes, mwanamume wa miaka hamsini na saba, akanyooka wima. "Baiskeli inatembea juu ya magurudumu mawili."

"Magurudumu hayo yanalingana au hayalingani?"

"Yanalingana, Mwalimu."

"Basi kwa nini unaiuliza sakafu?"

Sostenes akatazama gurudumu la nyuma, akatazama la mbele. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi wake wa kujengea. Akafunga ncha moja kwenye nati ya gurudumu la nyuma, akauvuta hadi nati ya gurudumu la mbele, akaukaza mpaka ukawa unalia ukiugusa. Huo ndio usawa wa baiskeli, popote itakapokuwa, kilimani au jarubani au kanisani. Akaanza kuchomoa vile vipande vya bati chini ya kibomba. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kilikuwa kimeganda, akakitoa kwa bisibisi. Akachuchumaa, akalinganisha mdomo wa kikombe cha kabureta na uzi, akakaza klempu. Hakugusa pima maji. Kazi ilichukua muda wa kusali rozari moja, na najua kwa sababu Anisia aliisali.

Nje, nyuma ya kanisa, kuna uwanja wa mpira ambao ni tambarare kiasi cha kutosha. Nilishuka nikakileta kidumu, tukarudisha petroli, Mwalimu akakanyaga pedali, akaachia klachi, injini ikashika. Akazunguka uwanja mara mbili. Haikukohoa. Akazunguka mara ya tatu, na hiyo nadhani ilikuwa ya raha tu. Kisha akafunga mkoba nyuma.

"Mwalimu," Sostenes akamwita. Akasita. "Nenda salama."

Tulisimama kwenye ngazi za kanisa tukimsikiliza anashuka, anapita sokoni, anaingia majarubani. Sauti ilikuwa moja tu, haikatiki, ikazidi kuwa ndogo hadi ikaisha yenyewe kwa umbali. Nilimgeukia shemeji yangu nimpongeze. Alikuwa amekunja uso.

"Bado kuna la Jumatano," akasema, akaondoka.

Jumapili baada ya misa Mzee Mabula akasimama kwa matangazo. Alisema amepigiwa simu kutoka Nyalwanga, Mwalimu Gelasius amefika salama, tumshukuru Mungu. Watu wakapiga makofi. Akaendelea: hata hivyo, Halmashauri imeona ni kubahatisha. Fundi mwenyewe alithibitisha Jumatano kwamba baiskeli haikuwa na kasoro na mzee ndiye aliyeshindwa. Hivyo, kwa upendo, Mwalimu apumzishwe kwa heshima baada ya...

"Mwenyekiti."

Sostenes alikuwa amesimama. Hakuomba ruhusa. Alikuwa na lile shati lake la kola, limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Mzee hakushindwa. Kabureta niliifunga imeinama. Zote nimezifunga zimeinama, miaka mitano. Nuruddin hayupo hapa, lakini mwenye kumwona amwambie asalimie watu. Na Jumatano nilisimama mbele yenu nikamtupia Mwalimu kosa langu. Nimekosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee Mabula akaangalia karatasi yake. "Unataka kusema Jumatano ulitudanganya?"

"Sikudanganya. Nilikuwa sijui." Akafikiri kidogo. "Ila nilisema kwa nguvu."

Paroko akaweka mkono mdomoni, na mabega yake yakawa yanacheza. Alipojiweza akamnong'oneza mwenyekiti. Mzee Mabula, nimesema ni mtu wa haki, akaikunja ile karatasi mara mbili akaitia mfukoni.

"Basi Mwalimu Gelasius anabaki na Nyalwanga," akasema, "mpaka atakapochoka yeye, siyo sisi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo! Mimi nilipiga hadi sauti ikakatika. Niliona fahari juu ya yule mwanamume ambaye nimemcheka maisha yangu yote ya ukubwa, na nikaamua kutomwambia kabla ya Jumanne.

Dada yangu peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa amenishika mkono kwa kunibana.

"Vaileth. Umesikia?"

"Nimesikia. Mwalimu anabaki."

"Siyo hilo. Amesema nini, Sostenes? Rudia."

"Amesema amekosea."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Mara mbili, dada. Watu wote wamesikia."

Anisia akatazama mbele, kule mume wake alikokuwa anakaa taratibu kwenye benchi, anajifuta jasho.

"Miaka thelathini na mmoja ya ndoa," akasema. "Nilijua analifahamu hilo neno." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na hakuuachia mkono wangu mpaka watu wote walipotoka.